Upasuaji wa Pili wa Pua: Namna ya Kuamua Ukiwa Unguja au Pemba

Mtu aliyesafiri kwenda Istanbul, Mumbai au Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa pua, kisha akarudi nyumbani na pua asiyoipenda, hushikwa na haraka mbili kwa pamoja: haraka ya kumpata wa kumlaumu, na haraka ya kumpata daktari mwengine wa kuirekebisha kabla ya harusi ijayo. Haraka zote mbili zinaeleweka, na zote mbili hugharimu. Daktari wa kwanza alikuta ngozi inayonyanyuka kwa wepesi, gegedu zima (yaani ule mfupa laini wa pua) na mishipa ya damu ambayo haijaguswa. Daktari wa pili atakuta makovu yaliyoshikamana, ngozi iliyokwishanyanyuliwa mara moja, na gegedu lililopunguzwa, kuhamishwa au kwisha. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni nani atakayekupa pua uliyoitaka, uliza ni kitu gani hasa kilichoharibika na ndani ya pua kumebaki nini cha kufanyia kazi.

Kuhitaji marekebisho si jambo la nadra. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara na madaktari wa fani hii ni kwamba kati ya watu 100 wanaofanyiwa upasuaji wa pua, kama 5 hadi 15 hurudi kwa marekebisho ya aina fulani, na wengine katika hao walihudumiwa na mabingwa wa kweli. Matokeo mabaya peke yake hayathibitishi uzembe.

Mwaka wa kusubiri

Kanuni inayokubaliwa na madaktari wengi wa pua ni kusubiri angalau miezi 12 tangu upasuaji wa mwisho. Plasta ngumu ya nje hutolewa baada ya wiki moja hivi, wekundu na weusi wa chini ya macho huondoka katika wiki mbili au tatu, na hapo mgonjwa hudhani kuwa ameshaiona pua yake mpya. Hajaiona. Uvimbe wa ndani hupungua kidogo kidogo kwa miezi mingi, na ncha ya pua ndiyo hukawia kuliko sehemu zote. Kwa wenye ngozi nene, ambao ni wengi katika pwani yetu, uvimbe wa ncha unaweza kuendelea hadi miezi 18 au hata 24. Makovu nayo huwa magumu katika miezi ya mwanzo, kisha hulainika. Daktari anayekubali kuifungua pua ya miezi minne kwa sababu tu ncha inaonekana nene atakuwa anakata uvimbe ambao ungeondoka wenyewe, na atakuwa anaongeza kovu juu ya kovu.

Yapo mambo yasiyosubiri mwaka. Uvimbe laini wenye maumivu unaotokea ndani ya pua katika siku za mwanzo na kuziba matundu yote mawili huenda ukawa ni damu iliyojikusanya kwenye ukuta wa kati wa pua, na ukiachwa unaweza kulioza gegedu; huo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Usaha, homa, au kipande cha silikoni kilichowekwa kuinua pua kinachoanza kuonekana chini ya ngozi iliyokuwa nyekundu na nyembamba, navyo ni vya haraka. Aliyeanguka au kupigwa mpira usoni katika wiki za mwanzo aonwe mapema pia, kwa kuwa mfupa uliohama hurudishwa kwa wepesi zaidi kabla haujashikana.

Mwaka huo wa kusubiri una kazi yake, na kazi kubwa ni kuweka kumbukumbu. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, mbele ya dirisha lile lile na kwa mwanga wa saa ile ile: uso kwa mbele, ubavu wa kulia na wa kushoto, robo tatu ya kila upande (yaani uso umegeuzwa nusu), na chini ya pua kichwa kikiwa kimeinuliwa. Mtu mwengine akupige akiwa umbali wa mita moja na nusu. Usitumie picha za kujipiga mwenyewe kwa mkono, kwa sababu kamera ikikaribia sana uso huikuza pua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionesha kuwa picha iliyopigwa kwa umbali wa inchi 12, yaani kama sentimita 30, huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ile iliyopigwa kwa umbali wa futi 5. Nina hakika kuwa machozi mengi ya usiku juu ya simu yametokana na lenzi kuliko kisu.

Katika kipindi hiki usikubali kuchomwa sindano za kujazia pua katika saluni au chumba cha hoteli. Sindano hizo zikiingia kwenye mshipa wa damu zinaweza kuua ngozi ya pua na hata kupofusha jicho, na pua iliyokwishafanyiwa upasuaji ina hatari zaidi kwa kuwa mishipa yake imeshahamishwa. Ipo sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo daktari anaweza kuipiga kwa kiasi kidogo ili kupunguza kovu lililonenepa juu kidogo ya ncha, lakini hiyo ni kazi ya daktari anayejua pua hiyo ilifanywa nini, kwa kuwa ikizidi huifanya ngozi iwe nyembamba na kubonyea. Kusugua na kubinya pua kwa vidole, jambo ambalo mitandao hulipenda sana, kufanywe tu ikiwa daktari aliyekupasua ameliagiza na ameonesha namna yake.

Pumzi kwanza, sura baadaye

Malalamiko ya pua iliyofanyiwa upasuaji ni ya namna mbili, na wengi huyachanganya. Kuna kutopumua, na kuna kutopendeza. Ninashauri lile la kwanza lipimwe kabla ya la pili, kwanza kwa sababu ni la afya, na pia kwa sababu jawabu lake hubadilisha mpango mzima wa upasuaji.

Lipo jaribio jepesi la kufanya nyumbani. Vuta pumzi kwa pua kwa utulivu, kisha weka vidole viwili kwenye shavu karibu na pua, ivute ngozi kuelekea sikioni, na uvute pumzi tena. Hewa ikiingia kwa wepesi zaidi, huenda njia ya hewa imebana au ukuta wa pembeni wa pua umepoteza nguvu. Jitazame pia kwenye kioo ukivuta pumzi kwa nguvu: ikiwa tundu la pua linajifunga lenyewe, hiyo ni dalili ya gegedu la pembeni lililopunguzwa kupita kiasi. Mlio kama wa filimbi wakati wa kupumua, magamba yasiyokwisha na damu ya mara kwa mara huweza kuashiria tundu kwenye ukuta wa kati. Jaribio hili halimpi mtu ugonjwa wala halimwondolei. Linampa maneno ya kumweleza daktari.

Hata hivyo, si kila pua iliyoziba imezibwa na upasuaji. Unyevunyevu wa visiwa vyetu, ukungu wa kuta, vumbi, moshi wa udi na ubani unaofukizwa chumbani kila jioni, yote hayo huamsha mzio kwa wenye nao, na mzio usiotibiwa huvimbisha pua ya ndani hata kama kisu kilipita salama. Yako pia matone ya kuzibua pua yanayouzwa katika maduka ya dawa bila cheti. Mtu akiyatumia kwa zaidi ya siku tano hadi saba mfululizo, pua huanza kuziba kila dawa inapomalizika nguvu, naye huongeza dawa akidhani ugonjwa umezidi. Daktari wa masikio, pua na koo anaweza kuyatenganisha mambo haya kwa kuchunguza ndani ya pua kwa kamera nyembamba, na pale panapohitajika kwa picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta. Kwa mkaazi wa Unguja, pahala pa kuanzia ni Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kwa mkaazi wa Pemba, aanze hospitali iliyo karibu naye, iwe ya Wete, ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee iliyoko Mkoani, na aombe rufaa. Hakuna haja ya kuona haya kusema kuwa ulifanya upasuaji wa urembo. Daktari asiyeambiwa atapoteza muda kutafuta sababu iliyo mbele yake.

Upande wa sura, andika kwenye karatasi mambo yanayokusumbua, yasizidi matatu, kwa maneno ya kawaida. "Haijapendeza" haisaidii kitu. "Juu ya ncha pana uvimbe unaonifanya nionekane nina mdomo wa kasuku nikitazamwa ubavuni" inasaidia, kwa sababu daktari anajua sababu mbili au tatu za uvimbe huo na anaweza kuzipima. Vivyo hivyo mgongo wa pua uliobonyea, ncha iliyobanwa kama imeshikwa na kibanio, matundu yasiyolingana, au kipande cha silikoni kilichoelemea upande mmoja.

Matatizo hayo hayana uzito mmoja. Kibonge cha mfupa kilichosazwa huondolewa bila shida kubwa. Mgongo uliobonyea unahitaji kujengwa upya kwa gegedu la pahala pengine. Vigumu kuliko vyote ni pua iliyofupishwa mno na matundu yaliyokatwa yakawa madogo mno, kwa kuwa hapo kilichopungua ni ngozi na utando wa ndani, navyo haviongezwi kwa wepesi. Ukiwa katika kundi hili, jihadhari sana na anayekuahidi kuwa kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa.

Gegedu litatoka wapi

Hili ndilo jambo ambalo wagonjwa wengi hawalifikirii mpaka siku wanapoambiwa kuwa watakatwa kifuani. Pua inasimama kwa mfupa sehemu ya juu na kwa gegedu sehemu ya kati na ya chini, mfano wa paa la makuti linalosimama kwa boriti zake. Upasuaji wa kwanza ukiwa umepunguza gegedu, wa pili lazima ulipate kwengine, na vyanzo vinavyotumika ni vitatu.

Cha kwanza ni ukuta wa kati wa pua wenyewe. Gegedu lake limenyooka na halihitaji jeraha jengine nje ya pua, lakini mara nyingi daktari wa kwanza ameshalichukua. Kulijua hili mapema ni muhimu kiasi kwamba linatosha kuwa sababu ya kutafuta ripoti ya upasuaji, kama itakavyoelezwa.

Cha pili ni sikio. Gegedu huchotwa kwenye bakuli la sikio, na umbo la sikio kwa kawaida halibadiliki sana. Gegedu hili limepinda na ni laini, kwa hiyo linafaa kwa ncha na kwa pembeni mwa pua kuliko kwa kujenga mgongo wote. Hapa wasomaji wetu wazingatie jambo moja: ikiwa ulipotobolewa sikio, kuchanjwa au kukatwa pahala popote kovu lilivimba likawa donge, mwambie daktari tangu siku ya kwanza na umwoneshe. Makovu ya namna hiyo hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na sikio ni mojawapo ya sehemu yanapopenda kuota.

Cha tatu ni ubavu. Gegedu la ubavu ni jingi na lina nguvu, nalo ndilo hutegemewa pua inapohitaji kujengwa upya. Gharama yake ni kovu la sentimita chache kifuani, ambalo kwa wanawake huweza kufichwa chini ya titi, maumivu ya kifua kwa siku kadhaa, uwezekano wa gegedu kujipinda baada ya kuwekwa, na hatari ndogo ya kutobolewa utando unaozunguka pafu. Kadiri umri unavyokwenda, gegedu hili huwa gumu kama mfupa, na kwa mtu mzima daktari huenda akataka picha kabla ya kuamua. Mkwezi wa mkarafuu au mtu anayefanya kazi ya kubeba mizigo ahesabu muda wa kupumzika kwa kutazama kifua chake, si pua peke yake.

Baadhi ya hospitali za nje hutumia gegedu la ubavu lililotoka kwa maiti na kusafishwa kwa mionzi. Ukipewa shauri hilo, uliza wazi limetoka wapi, kwa kuwa wapo ambao dhamiri zao hazitaliridhia, na ni bora kulijua kabla ya kulala kitandani kuliko kulisoma kwenye karatasi za kuruhusiwa kuondoka.

Silikoni haimlazimishi mtu kukatwa kwengine, na pengine ndiyo sababu hupendekezwa upesi. Lakini ni kitu kigeni kinachobaki mwilini, chenye uwezekano wa kuingia vijidudu, kuhama au kutoboa ngozi hata baada ya miaka, na ndani ya pua yenye makovu hatari hizo huongezeka. Kwa maoni yangu, anayependekeza silikoni kwa pua ambayo tayari imekataa silikoni anadaiwa maelezo marefu.

Karatasi za upasuaji wa kwanza

Omba ripoti ya upasuaji kwa maandishi, kwa adabu na bila vitisho, hata kama umekasirika. Karatasi uliyopewa ukiruhusiwa kuondoka hospitali siyo ripoti hiyo. Hiyo husema tu kuwa ulilazwa na ukapewa dawa gani. Unachohitaji ni maelezo ya kile kilichofanyika chumba cha upasuaji: kama pua ilifunguliwa kwa nje au kwa ndani, mfupa gani ulivunjwa, gegedu gani lilikatwa na kutoka wapi, kama kuna kitu kigeni kilichowekwa pamoja na aina na namba yake, na picha zako za kabla ya upasuaji. Ikiwa imeandikwa Kituruki, omba tafsiri ya Kiingereza. Hospitali nyengine hujibu baada ya barua ya pili au ya tatu, kwa hiyo anza katika miezi ya mwanzo ya kusubiri, wakati waliokuhudumia bado wanakukumbuka.

Zungumza pia na daktari wa kwanza walau mara moja. Hulazimiki kurudi kwake, lakini ndiye pekee aliyeiona pua yako kwa ndani, na baadhi yao hufanya marekebisho bila kudai ujira wao wenyewe. Uliza basi ni nani atakayelipia chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi na tiketi, maana neno "bure" katika mazungumzo haya mara nyingi linahusu sehemu moja tu ya bili.

Kumpata daktari wa pili

Tafuta mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni marekebisho, awe daktari wa masikio, pua na koo aliyebobea katika upasuaji wa uso au daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kwa Tanzania Bara, madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyoko Dar es Salaam, ina madaktari bingwa wa masikio, pua na koo. Hata anayedhamiria kwenda nje atafaidika na maoni yao kabla hajalipa chochote, kwa safari ya boti ya saa mbili tu kutoka Unguja. Kwa Uturuki, Wizara ya Afya ya huko hutoa vyeti maalumu vya utalii wa tiba kwa hospitali na kwa mawakala pia. Wakala anayekutumia picha kwa WhatsApp na hawezi kuonesha cheti hicho ni mpita njia anayetafuta kamisheni. Uhindi hutoa viza ya matibabu na viza ya msindikizaji, na anayekwenda kwa viza ya utalii ili aokoe pesa hujitafutia mashaka pale inapobidi akae zaidi.

Mazungumzo ya video yanafaa kwa kufahamiana, lakini hayatoshi kwa uamuzi, kwa sababu daktari lazima aishike pua, aipime ngozi na aangalie ndani. Muulize ni pua ngapi za marekebisho anazofanya kwa mwaka. Muombe picha za wagonjwa wenye ngozi na umbo linalokaribiana na lako, zilizopigwa mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, kwa kuwa picha ya wiki ya sita haisemi kitu. Muulize gegedu atalitoa wapi na atafanya nini akikuta halitoshi, nani hasa atakayeshika kisu, nani atakayekutia nusu kaputi, na itakuwaje ikiwa utahitaji upasuaji wa tatu. Kisha muulize ni lipi kati ya mambo yako matatu hatoweza kulirekebisha. Ninalipa swali hili uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa daktari mzuri wa marekebisho huwa na jawabu lake tayari, na asiye mzuri hushangaa kuulizwa.

Picha ya kompyuta inayoonesha pua yako ya baadaye ni chombo cha mazungumzo, haikuahidi kitu. Bei inayoshuka ukilipa ndani ya wiki hii, na ratiba ya kupasuliwa asubuhi ya siku ya pili tangu kuteremka uwanja wa ndege, ni sababu za kutosha za kuondoka.

Kuhusu malipo, bima za afya kwa kawaida hazigharamii upasuaji wa urembo. Ikiwa una tatizo la kupumua lililothibitishwa na daktari, uliza kwa maandishi, kwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar au kwa bima yako nyengine, kama sehemu hiyo inaweza kutazamwa kwa tofauti. Katika bajeti yako ingiza msindikizaji, malazi ya siku zaidi ya ulizopangiwa, safari ya kurudi kuangaliwa, na akiba ya matatizo. Asiyekuwa na akiba hiyo asubiri.

Suala la dini na la moyo

Katika aila nyingi za hapa swali la kwanza halitakuwa la gegedu. Litakuwa la halali na haramu, na mara nyengine litaulizwa na mama au bibi ambaye hakulipenda jambo hili tangu mwanzo. Ni vyema kulikabili mapema. Wanazuoni hutofautisha kati ya kubadilisha maumbile kwa ajili ya urembo tu na kurejesha kilichoharibika au kuondoa madhara. Dalili inayotajwa sana ni hadithi ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu, akaweka pua ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa wanaume imekatazwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya nchini Malaysia mwaka 2007, lilifuata njia hiyo ya kutofautisha. Marekebisho ya pua isiyopumua au iliyoharibiwa yana sura moja, na kutafuta pua nyembamba zaidi kuna sura nyengine. Mpelekee sheikh unayemwamini maelezo ya daktari, si hadithi ya jumla, ili fatwa ifuate hali yako.

La moyo ni gumu zaidi kulisema. Wapo watu ambao tatizo lao halimo puani. Mtu anayejitazama kwenye kioo kwa saa nyingi kila siku, anayeacha skuli, kazi au harusi za jamaa kwa ajili ya kasoro ambayo wengine wanaiona kwa shida au hawaioni kabisa, na ambaye akitoka kwenye pua huhamia kidevuni, anaweza kuwa na ugonjwa unaojulikana na unaotibika kwa mazungumzo ya kitaalamu na wakati mwengine dawa. Upasuaji haumponyi, na mara nyingi humwongezea. Najua kwamba Unguja mtu akitajiwa mambo ya akili hufikiria hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu na vicheko vya mtaani, na kwa hofu hiyo wengi wako radhi kupasuliwa mara tatu kuliko kuongea na mshauri mara moja. Madaktari makini wa marekebisho huuliza maswali haya wenyewe na humkataa mgonjwa wanayemshuku. Ukikataliwa na wawili, usimtafute wa tatu kabla ya kuongea na mtaalamu wa afya ya akili.

Ukishaamua

Usipange upasuaji ukagongana na Ramadhani au wiki za harusi yako, kwa kuwa utakuwa na dawa za kumeza kwa saa, na uso wako hautakuwa tayari kwa vipodozi wala kwa kamera. Acha sigara na shisha walau wiki nne kabla na wiki nne baada, pamoja na tumbaku ya kutafuna ndani ya tambuu, kwani nikotini hubana mishipa ya damu ya ngozi ambayo tayari ni dhaifu. Mweleze daktari kila unachotumia: aspirini, dawa za maumivu, habasoda, kitunguu saumu na tangawizi zinazotumiwa kama dawa, na vyote vya kwa mganga, kwa kuwa baadhi yake huongeza kutoka damu. Dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako. Usitie hina wala piko kwenye vidole, maana kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ukiwa usingizini huweza kusoma vibaya kupitia rangi nyeusi. Kipini cha puani kitolewe, na kisirudishwe mpaka daktari aseme.

Masuala ya ibada yaulizwe kabla ya safari. Kupandisha maji puani wakati wa kutawadha ni sunna katika madhehebu ya Shafii inayofuatwa na wengi hapa, kwa hiyo kuacha kufanya hivyo kwa muda hakuharibu udhu. Namna ya kupangusa juu ya plasta na kutayamamu, na kusali kwa ishara katika wiki ambazo kuinamisha kichwa kunaweza kuleta damu, sheikh atakueleza kwa dakika kumi. Miwani isikae juu ya mgongo wa pua kwa wiki nne hadi sita, na anayevaa nikabu aifunge kwa namna isiyoikandamiza pua.

Madaktari wengi humtaka mgonjwa abaki karibu nao siku saba hadi kumi kabla ya kupanda ndege. Ongeza siku chache juu ya hizo, maana ni afadhali kugundua tatizo ukiwa kilomita mbili kutoka kwa daktari wako. Kuzamia baharini kwa mitungi kusirudiwe bila ruhusa yake ya maandishi.

Ukirudi nyumbani, mkabidhi daktari wa masikio, pua na koo wa hapa nakala ya ripoti zote mbili za upasuaji ndani ya wiki ya kwanza, hata kama hujisikii vibaya, ili siku ya dharura asianze kukujua upya. Dharura yenyewe ni damu isiyosimama baada ya kubinya sehemu laini ya pua kwa dakika 15 ukiwa umekaa na kuinamia mbele, ngozi ya pua inayogeuka nyeupe, zambarau au nyeusi, usaha, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, mabadiliko ya kuona, na kwa aliyetolewa ubavu, kukosa pumzi au kichomi kikali kifuani. Ukipata homa, pima malaria kama kawaida, lakini mwambie anayekupima kuwa una jeraha jipya puani, na asikuruhusu kuondoka kwa jibu la malaria peke yake bila kuitazama pua.